Shamba Moja, Bei Moja, Mali Mbili

Mikataba ya kuuziana mashamba katika vijiji vinavyouzunguka mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, mara nyingi haizidi ukurasa mmoja. Jina la muuzaji, jina la mnunuzi, mipaka kwa majina ya majirani wa pande nne, bei kwa tarakimu na kwa maneno, mashahidi wa kila upande, sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji, muhuri wa mtendaji wa kijiji. Kama shambani kuna miti, yanaongezwa maneno matatu: "pamoja na miti". Miaka mitano au sita baadaye mwenye shamba anavuna mikaratusi yake, anapakia nguzo kwenye fuso kwenda Katoro au Nyarugusu, anapata fedha nzuri, kisha anakaa na mhasibu wake au na ofisa wa mamlaka ya mapato, TRA, na kuulizwa swali ambalo mkataba wake haulijibu. Hii miti uliinunua kwa shilingi ngapi?

Sura hii inahusu swali hilo tu. Nimeipa nafasi yake kwa sababu wengi hulijibu kwa kusema "sikuinunua miti, nilinunua shamba", na jibu hilo linawagharimu mtaji wao wenyewe. Fikiria mtu aliyenunua ng'ombe mwenye ndama mnadani kwa bei moja, kisha mwaka wa pili akamuuza ndama peke yake. Hakuna mfugaji wa Kishapu atakayesema ndama yule alipatikana bure. Sehemu ya fedha iliyotolewa siku ile ilikuwa ya mama na sehemu ilikuwa ya ndama, hata kama mnada haukuzitenganisha. Kodi ya mapato inatozwa kwenye faida, na faida haijulikani mpaka ijulikane gharama. Anayeandika sifuri kwenye gharama ya miti anayoiuza analipa kodi juu ya fedha ambayo ilitoka mfukoni mwake na sasa inarudi tu.

Upande huu wa nchi, miti iliyopandwa ni mali yenye historia fupi na soko kubwa. Mapori ya Usukuma yalifyekwa kwa makusudi wakati wa ukoloni ili kufukuza mbung'o; C.F.M. Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1938, aliendesha kazi yake kutoka Shinyanga. Kilichosalia kilipunguzwa na pamba, mifugo na kuni, mpaka miaka ya 1980 watu wakawa wanaiita Shinyanga jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kumalizika 2004, uliirudishia heshima ngitili, yaani lile eneo la malisho na miti ambalo Wasukuma walikuwa wakilifunga kwa ajili ya kiangazi, na ngitili zilizohifadhiwa zikaongezeka kutoka hekta mia kadhaa hadi zaidi ya 300,000. Pamoja na ngitili, watu walianza kupanda. Ndiyo maana leo, ukisafiri barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza kupitia Maganzo, unaona viunga vya mikaratusi iliyonyooka katikati ya mashamba ya mtama na pamba.

Soko liko magharibi. Machimbo ya almasi ya wachimbaji wadogo wa Maganzo ni ya kuchekecha changarawe na hayali miti mingi. Dhahabu ya Geita na Kahama ndiyo inayokula. Duara, yaani shimo la mchimbaji, likishuka, kuta zake hushikiliwa na matimba, na matimba ni magogo. Kila duara jipya linahitaji mengine, na yaliyooza hubadilishwa. Ongeza mirunda ya wajenzi katika miji inayokua kwa kasi kama Katoro na Kahama, ongeza fito na kuni za mama lishe, na utaelewa kwa nini mtu aliyestaafu mgodini Mwadui anaweza kuchukua kiinua mgongo chake na kununua shamba lenye miti badala ya nyumba ya kupangisha. Ni uamuzi mzuri. Ninachotaka ni asiuharibu siku ya kusaini.

Sheria yenyewe iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inasema gharama ya mali ni jumla ya matumizi ya kuipata, pamoja na matumizi ya kuiboresha na matumizi madogomadogo yaliyoambatana na kuinunua na kuiuza. Halafu inaweka kanuni mbili ambazo kila mnunuzi wa shamba lenye miti anapaswa kuzijua. Ya kwanza: mtu akinunua mali zaidi ya moja kwa wakati mmoja au katika makubaliano yaleyale, bei aliyolipa inagawanywa baina ya mali hizo kwa kufuata thamani ya soko ya kila moja siku ya kununua. Ya pili: mtu akiuza sehemu ya mali na kubaki na sehemu, gharama inagawanywa kati ya kilichouzwa na kilichobaki, kwa kufuata thamani ya soko ya kila sehemu mara tu baada ya mauzo. Kwa hiyo mgawanyo unaotakiwa unatoka kwenye bei za soko za siku ile. Mnunuzi hawezi kujipangia apendavyo, na ofisa wa kodi naye hawezi.

Kuhusu kama miti ni mali tofauti na ardhi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatusaidia. Ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na mwananchi ana haki ya kuitumia pamoja na mali yake katika maendelezo. Tafsiri ya maendelezo katika sheria hiyo inaitaja miti kwa jina. Wathamini wanaijua vizuri tofauti hii. Tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa Mwadui lilipasuka, na tope likafunika mashamba ya Ng'wanholo na Nyenze. Katika fidia za namna hiyo thamani ya ardhi huandikwa mahali pake, na mazao, miti na majengo hupewa mistari yao. Mtu anayedai fidia huhesabu miti yake mmoja mmoja, hata mwembe uliosimama nyuma ya choo. Mtu huyohuyo akinunua shamba jipya kwa fedha ya fidia, anakubali iandikwe bei moja. Naumia kuona hivyo, kwa sababu ujuzi wa kugawa thamani upo kijijini tayari.

Tufanye hesabu. Namba hizi ni za kufundishia, kila mtu aweke za kwake.

Mnunuzi amepata shamba la ekari 10 karibu na Maganzo mwaka 2017. Ekari 4 zina mikaratusi ya umri mmoja, na siku ya kununua aliihesabu akapata mashina 3,200. Alilipa shilingi milioni 22. Juu ya hapo alilipa wakili, mpimaji, ushuru wa stempu na ada ya kijiji, jumla milioni 2. Gharama yake yote ni milioni 24, na hizo milioni 2 za pembeni zisisahaulike kwa sababu nazo zinaingia kwenye mgawanyo.

Sasa anauliza bei za jirani. Ekari 10 tupu za eneo lile, udongo uleule na umbali uleule kutoka barabarani, zingeuzwa milioni 15 mwaka ule. Miti ile ilivyosimama, mnunuzi wa nguzo angeilipia milioni 10. Jumla ni milioni 25, nayo imezidi bei aliyolipa kwa kuwa alinunua kwa muuzaji mwenye haraka. Nafuu ile haiendi yote kwenye ardhi wala yote kwenye miti. Ardhi ni sehemu tatu kati ya tano, miti ni sehemu mbili kati ya tano. Milioni 24 zinagawanyika: ardhi 14,400,000 na miti 9,600,000. Ukigawa 9,600,000 kwa mashina 3,200, kila mti ulimgharimu 3,000.

Hiyo 3,000 ndiyo namba ambayo sura hii yote inaitafuta. Wamarekani wana fomu maalumu ya kodi kwa wenye misitu, ambamo bei ya kununua hugawanywa katika akaunti ya ardhi, akaunti ya miti iliyokomaa na akaunti ya miti michanga, kisha gharama huhesabiwa kwa kila ujazo unaokatwa. Waingereza walichoka na mabishano ya kodi ya misitu, na mwaka 1988 wakaitoa misitu ya biashara kwenye kodi ya mapato kabisa. Tanzania haina fomu hiyo wala msamaha huo. Ina zile kanuni mbili za kugawa, na zinatosha kama mtu ana karatasi.

Mwaka 2021 mnunuzi wetu anakata nguzo 1,200 na kuziuza kwa 9,000 kila moja, jumla 10,800,000. Chainso, vibarua na kupakia vinamgharimu 1,200,000. Asiyejua gharama ya miti ataandika faida 9,600,000. Kwa hesabu ya haraka ya 3,000 kwa kila mti, anatoa pia 3,600,000, na faida inakuwa 6,000,000.

Lakini mkaratusi haufi ukikatwa. Hapo ndipo kanuni ya pili inapoingia, na hata wahasibu wazuri huipita. Kisiki cha mkaratusi kinachipua, na baada ya miaka michache unavuna tena bila kununua mche. Kwa hiyo siku nguzo inapoondoka, mwenye shamba amebaki na kitu: kisiki chenye mizizi hai. Kama soko la siku hiyo linasema nguzo ni 9,000 na kisiki hai kina thamani ya 1,000, basi ile 3,000 inagawanywa tisa kwa moja: 2,700 inakwenda na nguzo, 300 inabaki ardhini na kisiki. Gharama ya nguzo 1,200 ni 3,240,000, na faida sahihi ni 6,360,000. Tofauti na hesabu ya haraka ni ndogo, lakini zile 360,000 zilizobaki kwenye visiki hazijapotea. Zinasubiri mavuno ya pili. Kwa mti usiochipua, kama msonobari, swali hili halipo. Ukikatwa umekwisha, na gharama yake yote inaondoka nao.

Kabla hujafurahia hesabu hii, jua kama inakuhusu. Mtu binafsi mwenye biashara ndogo, ambaye mauzo yake ya mwaka hayavuki kikomo cha kodi ya makadirio, kodi yake inakokotolewa kwenye mauzo, na gharama ya mti haibadilishi kitu. Kikomo hicho kilipandishwa mwaka 2019 kutoka milioni 20 hadi milioni 100, na wakulima wengi wa miti wa Kishapu wako chini yake. Mtu wa namna hiyo anaruhusiwa kuchagua kujitoa kwenye makadirio na kuandaa hesabu kamili, na akiwa amenunua miti kwa bei kubwa na kuiuza kwa faida ndogo, afanye hesabu pande zote mbili kabla ya kuamua. Kampuni haina uchaguzi huo: inalipa kwenye faida, asilimia 30, na kwa kampuni kila shilingi ya gharama iliyosahaulika ni senti 30 zilizotupwa.

Kuna kosa jingine linalofanywa na watu waangalifu. Gharama za kila mwaka, yaani palizi, mlinzi na njia za kuzuia moto, ama unaziondoa kwenye mapato ya mwaka husika au unaziongeza kwenye gharama ya miti pale sheria inaporuhusu. Kuzihesabu mara mbili, hapana. Na ile nafuu ya uboreshaji wa kilimo, inayomruhusu mkulima kuondoa matumizi ya kusafisha shamba, kuchimba mifereji na kupanda mazao ya kudumu, inataja miti inayozaa mazao. Mwembe na mchungwa vinaingia bila ubishi. Mkaratusi wa nguzo hauzai kitu cha kuchuma, na sioni busara ya kumshauri mtu aujengee hoja yake hapo. Miti uliyopanda mwenyewe baada ya kununua iwekee daftari lake, mbali na ile uliyoikuta.

Miti ya asili nayo ina mambo yake. Ukinunua shamba lenye ngitili ndani, utakuta migunga, na ukielekea Kahama unaweza kukuta mninga. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, miti iliyohifadhiwa kisheria haikatwi bila kibali hata ikiwa imesimama kwenye ardhi yako. Thamani ya soko ya mti usioweza kuukata kesho si sawa na thamani ya mbao zilizomo ndani yake, na mgawanyo wa bei lazima uheshimu hilo. Nimewahi kuona mgawanyo ulioupa mninga mmoja bei ya mbao za Kariakoo ukiwa bado una majani. Mkaguzi aliukataa, na kwa haki kabisa.

Kwa hiyo siku ya kununua, kabla ya muhuri, fanya kazi ya asubuhi moja. Hesabu mashina pamoja na muuzaji, ukiyagawa kwa unene: fito, mirunda, nguzo. Piga picha zenye tarehe. Mwombe ofisa misitu wa wilaya aje aone na aandike alichoona, na kama fedha ni nyingi mlipe mthamini aliyesajiliwa. Kisha mkataba useme: bei ya ardhi kiasi hiki, bei ya miti ya aina hii, idadi hii, umri huu, kiasi hiki. Pande zote mbili zisaini. Muuzaji wa kijijini hana mashine ya risiti za EFD, basi lipa kwa benki au kwa simu ili pabaki alama. Usijaribu kuupa mti bei kubwa kuliko soko ili kodi ya mavuno ishuke. Namba hiyo itapimwa kwa bei za majirani zako, na katika mabishano ya kodi anayepinga makadirio ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha.

Karatasi hizo zikae wapi, na kwa muda gani? Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inadai nyaraka zitunzwe miaka mitano, na wengi wanahesabu kutoka siku ya kununua. Nyaraka hutunzwa miaka mitano baada ya mwaka wa mapato ambao zinauhusu, na mkataba wako wa 2017 unauhusu kila mwaka utakaouza mti uliokuwa umesimama siku ile. Msonobari hukaa miaka 20 na zaidi. Mkataba wake ukae muda huo, ukiongeza mitano. Mchwa wa Kishapu wanajulikana. Weka nakala kwenye simu, kwa mwanao na kwa wakili.

Kama ulishanunua zamani na mkataba unasema "pamoja na miti" tu, hujachelewa. Sheria inadai thamani ya siku ya kununua, haidai kwamba lazima iwe iliandikwa siku hiyohiyo. Tafuta picha za setilaiti za mwaka ule, zinazoonyesha viunga vilivyokuwepo na upana wake. Tafuta mikataba ya majirani waliouza ekari tupu mwaka huo na waliouza zenye miti. Hati za kusafirishia mazao ya misitu za wafanyabiashara wa eneo lako zitaonyesha nguzo zilitoka lini na ngapi. Mpe mthamini vitu hivyo aandike makadirio ya nyuma. Ushahidi wa namna hiyo ni dhaifu kuliko mkataba mzuri, lakini una nguvu kuliko kumbukumbu ya mtu.

Sasa tuseme mnunuzi wetu ameamua kuhamia Mwanza, na mwaka 2024 anauza shamba lote kwa milioni 30, akitumia 600,000 kuliuza. Wengi hapa huchukua ule mkataba wa zamani na kuondoa milioni 24 zote. Haiwezekani, kwa sababu sehemu ya hizo alishaiondoa alipouza nguzo. Alichobaki nacho ni ardhi, 14,400,000. Miti 2,000 ambayo haijakatwa, 6,000,000. Na visiki 1,200, shilingi 360,000. Jumla ni 20,760,000. Toa hiyo na gharama za kuuza kwenye milioni 30, faida inabaki 8,640,000. Mkazi anayeuza ardhi hulipa asilimia 10 ya faida, kwa hiyo kodi ni 864,000. Asingekuwa na kumbukumbu zozote za gharama, mabadiliko ya karibuni ya sheria yangemtoza asilimia 3 ya bei yenyewe, au ya thamani iliyoidhinishwa kama ni kubwa zaidi: 900,000 kwa bei hii. Mwenye karatasi ameokoa 36,000 kwenye ardhi. Kwenye nguzo za mwaka 2021, kama anatozwa kwenye faida, karatasi hizohizo zilikuwa zimeshamtolea 3,240,000 zisiguswe na kodi.

Shamba la kilimo lenye thamani chini ya milioni 10, lililolimwa angalau miaka miwili katika mitatu kabla ya kuuzwa na mtu binafsi, haliingii kwenye kodi hii ya ardhi kabisa. La mnunuzi wetu limezidi. La jirani yake, la ekari tatu, huenda halijazidi, na jirani huyo hana haja ya kugawa chochote siku ya kuuza, isipokuwa kumwandikia vizuri yule anayemuuzia, kwa sababu hesabu ya mti ya mtu huyo inaanza siku hiyo.